Mwenye Macho Naye Aambiwe Tazama

Hotuba hii, kuhusu wafanyakazi ambao ubongo wao hufanya kazi tofauti na wengi wetu, niliitoa Dar es Salaam mbele ya maafisa utumishi na wakuu wa idara kutoka ofisi za serikali na kampuni binafsi. Waliokosa nafasi ya kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka yote. Picha za ukutani nimeziacha. Nyingi zilikuwa za kunipa mimi nafasi ya kunywa maji.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Vijana mliojipanga nyuma karibu na mlango, nawaona, na najua kwa nini mmekaa hapo.

Naomba mikono. Nani ana mfanyakazi ambaye kazi yake haina dosari, lakini hakuna anayetaka kukaa naye meza moja? Anapita koridoni hasalimii. Mkurugenzi akimwomba maoni anayatoa kama yalivyo, hayapaki asali. Nani ana yule mwingine, ambaye mambo yakiharibika ndiye anayeyanyoosha, ila ripoti yake ya mwezi haijawahi kufika kwa wakati? Nani ana yule anayezungumza ukamsikiliza mpaka chai ikapoa, halafu ukifungua barua yake hujui uanzie wapi kusahihisha?

Naona mikono karibu ukumbi mzima. Shusheni, maana swali la pili ni la kujibu moyoni. Katika faili lake mmeandika nini? Ana kiburi. Mzembe. Hana ushirikiano. Nimekaa kwenye vikao vya nidhamu upande huohuo wa meza mnaokaa ninyi, na kwa niliyoyaona, maneno hayo matatu yamewatoa watu kazini wengi kuliko wizi wa stoo.

Sikuja kuwafanya madaktari. Mtu asitoke hapa akamwambie karani wake, "Wewe una usonji, nimesikia kwenye semina." Nimekuja kwa jambo dogo kuliko hilo, na pengine gumu kuliko hilo: namna tunavyosemeshana kazini.

Kwanza tuwafahamu tunaowazungumzia. Kuna wenye usonji: wengi wao huchukua maneno kama yalivyosemwa, hupenda utaratibu usiogeuzwa ghafla, na masikio au macho yao hupokea kelele na mwanga kwa ukali ambao wengi wetu hatuujui. Kuna wenye ADHD, ambao umakini wao hausikii amri: jambo likiwavutia hulizamia mpaka wakasahau kula, lisipowavutia hawalishiki hata ukiwasimamia. Kuna wenye disleksia, ambao herufi zinawatesa ingawa akili iko palepale. Kuna dispraksia, inayotatiza mpangilio wa mikono na mwili. Kuna hali ya Tourette, ambapo mwili unashtuka au sauti inatoka bila mwenyewe kutaka. Mara nyingi mtu mmoja ana mbili kwa pamoja. Hakuna inayoambukiza. Hakuna inayotokana na kurogwa. Na mtu hazivui siku anapovua sare ya shule.

Hilo la mwisho nalirudia: hazivuliwi na sare ya shule. Sisi tukisikia usonji tunamwona mtoto. Kila tarehe 2 Aprili, siku iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007, magazeti yanatuonyesha watoto. Hapa Dar es Salaam, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto wenye usonji. Nairobi, shule ya City Primary inacho pia. Vizuri sana. Lakini watoto wale wanakua, ndugu zangu. Wakifika miaka ishirini na mitano wanakwenda wapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Mtu, si mtoto. Kampuni ya wafanyakazi mia nne, kama milango yake ingekuwa wazi kwa wote, ingekuwa nao watatu hivi, na hapo sijagusa ADHD wala disleksia, ambazo ni za kawaida zaidi.

Na wengi wao hawana karatasi ya hospitali. Aliyesoma kijijini miaka ya 1990, akichapwa kila asubuhi kwa kushindwa kusoma ubaoni, nani alimpima? Ukisubiri barua ya daktari ndipo uanze kumsaidia, utasubiri mpaka astaafu.

Wazo la kwamba hizi ni namna mbalimbali za ubongo wa binadamu, si mashine mbovu zinazosubiri fundi, lina miaka kama thelathini tu. Mwaka 1998 Judy Singer wa Australia aliliandika katika tasnifu yake ya sosholojia, na mwaka huohuo Harvey Blume akaliandika katika jarida la The Atlantic huko Marekani. Lakini wote wawili walichota kwenye kisima kilichokwishachimbwa: watu wenye usonji wenyewe, waliokuwa wakiandikiana kwenye mtandao tangu mapema miaka ya 1990. Nalisema kwa sababu hata leo mikutano kama huu wetu huwazungumzia bila wao kuwemo. Ama wamo na wamenyamaza.

Najua mnangoja niseme akili ni nywele, kila mtu ana zake. Haya, nimesema. Methali hiyo tunaitundika ukutani. Inayoendesha ofisi zetu ni nyingine: mwenye macho haambiwi tazama. Kazi unapewa kwa dokezo, kosa unajulishwa kwa kununiwa, na kanuni muhimu kuliko zote hazimo kwenye mkataba wala kwenye kitabu cha kanuni. Asiyezisoma hewani anaitwa mjinga au mkaidi. Leo nataka kugombana na methali hiyo.

Tuanzie mlangoni, kwenye usaili.

Niliwahi kualikwa kuwa mtazamaji katika jopo la usaili la taasisi moja nisiyoitaja. Nafasi ilikuwa ya mhasibu msaidizi. Aliingia binti mmoja, akaketi, akatazama ukingo wa meza. Mwenyekiti akamwambia, "Tueleze kidogo kuhusu wewe." Binti akauliza, "Sehemu gani?" Wajumbe wakatazamana. Mwenyekiti akarudia, "Kuhusu wewe tu, kwa ujumla." Binti akanyamaza kwa muda uliowatia watu jasho, kisha akataja tarehe yake ya kuzaliwa na shule zote alizosoma, kwa mpangilio wa miaka. Baadaye alipopewa karatasi ya mahesabu aliimaliza mapema kuliko wote, na chini yake akaandika kwamba swali la nne lenyewe lina kosa. Kweli lilikuwa na kosa. Jopo zima halikuwa limeliona.

Hakupata kazi. Kwenye fomu waliandika: "Hajiamini. Hakutazama jopo machoni."

Hebu niwaulize, wakubwa zangu. Nyumbani kwenu, binti wa miaka ishirini na mbili akizungumza na baba mkwe wake, anamkodolea macho? Si tumelelewa sote kwamba mbele ya mkubwa unainamisha uso? Kipengele hicho cha kutazamana machoni tulikinakili kwenye miongozo ya usaili ya watu wengine, tukakipa alama kumi, na sasa tunawanyima watoto wetu kazi kwa kuwa na adabu tuliyowafundisha wenyewe. Kwa mwenye usonji ni zaidi ya adabu. Wengi wao husema kwamba wakimtazama mtu machoni hawasikii vizuri anachosema. Unamlazimisha achague: akutazame au akuelewe. Na yeye, maskini, amechagua kukuelewa, ndiyo unamkata alama.

Wapo waliojaribu mlango mwingine. Denmark, mtu mmoja aitwaye Thorkil Sonne alikuwa na kazi nzuri katika kampuni ya simu. Mtoto wake alipogundulika kuwa na usonji, akaanza kujiuliza swali lilelile: akifika miaka ishirini na mitano atakwenda wapi? Mwaka 2004 akaanzisha kampuni inayoitwa Specialisterne, iliyoajiri watu wenye usonji kukagua programu za kompyuta. Kuwapima, aliacha maswali ya kujieleza; aliwapa roboti za Lego wazijenge na kuzipangia programu, kisha akatazama wanavyofanya kazi. Kampuni kubwa zikafuata: SAP ya Ujerumani mwaka 2013, Microsoft mwaka 2015. SAP ilitangaza kwamba ifikapo 2020 asilimia moja ya wafanyakazi wake watakuwa watu wenye usonji. Hawakufika. Kutangaza lengo ni kazi ya siku moja; kubadili wasimamizi maelfu ni kazi nyingine kabisa.

Na tusije tukaondoka na imani kwamba kila mwenye usonji ni bingwa wa kompyuta. Hiyo nayo ni dhuluma, ya kumpakia mtu sifa asiyoiomba. Yupo mpishi, yupo dereva, yupo mshonaji, yupo karani wa masijala anayejua kila faili lilipo tangu enzi za karatasi ya kaboni. Na yupo wa kawaida tu, kama mimi na wewe, anayetaka mshahara mwisho wa mwezi.

Roboti hatuna. Vitabu vya hesabu vyenye makosa je? Hivyo tunavyo, tena tele. Mpe mwombaji kimoja, mpe nusu saa na chumba kimya. Unamtafuta dereva? Panda gari lake. Na yale maswali ya mdomo mtumie siku moja kabla. Mtasema ataenda kujiandaa. Sasa kazini mnataka mtu asiyejiandaa?

Niingie ndani ya ofisi sasa, maana hapa ndipo penye shida yenyewe na hapa nitakaa.

Kikao cha nidhamu, taasisi ya fedha, jina naliacha. Mshtakiwa ni kijana mchambuzi wa takwimu. Shtaka: kukaidi agizo halali la msimamizi. Mkuu wake wa idara anaeleza kwa uchungu wa kweli. Alikutana na kijana koridoni Jumatano jioni, akamwambia, nanukuu kama ilivyoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, "Ile taarifa ya robo mwaka ingependeza kama kesho asubuhi ingekuwa mezani kwa mkurugenzi." Kijana akajibu, "Ndiyo, ingependeza." Akaenda zake nyumbani. Asubuhi mkurugenzi hana taarifa, na bodi inakutana.

Nikamuuliza mkuu wa idara: aliambiwa aiandae? "Nilimwambia ingependeza." Sawa, lakini aliambiwa aiandae? "Mtu mzima anaelewa." Nikamgeukia kijana. Akatutazama kwa zamu, kila mjumbe, kwa uso wa mtu anayetaka kweli kusaidiwa, akauliza: "Sasa kwani mimi nilikataa?"

Ninyi mnacheka. Kwenye kikao hakuna aliyecheka. Walitaka kumpa barua ya onyo la mwisho.

Lakini turudi kwenye maneno yenyewe, tuyachambue bila hasira. Mkuu wa idara alikuwa na adabu. Kwetu kumwamuru mtu mzima waziwazi ni ukali, kwa hiyo tunazunguka: ingependeza, ukipata nafasi, tuone itakavyokuwa, naona kama hii bado. Ni lugha nzuri, imetulea. Na kijana naye alikuwa na adabu: mkubwa katoa maoni, yeye kayakubali. Watu wawili wenye adabu, na katikati yao taarifa ya robo mwaka imeanguka chini. Kosa ni la nani?

Damian Milton, mwanazuoni wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba tumezoea kusema wenye usonji hawawaelewi wengine, ilhali wengine nao hawawaelewi wao. Kutoelewana kuna pande mbili. Ukisikia hivyo waweza kusema ni maneno ya kujitetea. Basi mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, wakiongozwa na Catherine Crompton, wakaipima hoja hiyo. Mnaujua mchezo ule wa kunong'onezana, habari inapita sikio hadi sikio mpaka mwisho wa mstari? Walifanya kitu cha namna hiyo. Mistari ya watu wanane wanane. Mistari mingine watu wote wana usonji, mingine hakuna mwenye usonji hata mmoja, mingine wamechanganywa. Mtu wa kwanza anasimuliwa hadithi, anamsimulia wa pili, wa pili anamsimulia wa tatu, hivyo hadi wa nane. Mnadhani mstari upi ulipoteza habari nyingi?

Mmesema wa wenye usonji. Hapana. Mstari wa wenye usonji watupu ulifikisha habari vizuri sawasawa na ule wa wasio na usonji. Uliopoteza ni ule wa mchanganyiko. Shida haikuwa kichwani mwa mtu fulani. Shida ilikuwa pale habari inapovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Na ofisi zetu zote, ndugu zangu, ni mistari ya mchanganyiko.

Kijana hakupewa onyo. Tulikubaliana kitu kimoja: kila kazi atakayopewa itaandikwa kwa mistari mitatu. Nini kifanyike. Kimfikie nani. Lini, siku na saa. Mkuu wa idara alilalamika kwamba atakuwa anamwandikia mtu mzima kama mtoto. Miezi michache baadaye nilimpigia simu kwa jambo lingine, akaniambia idara nzima sasa inadai mistari mitatu, na yeye mwenyewe amegundua kwamba kazi nyingine alizokuwa akizitoa koridoni alikuwa hajui anataka nini. Kijana bado hasalimii vizuri. Hilo limeachwa lilivyo.

Na maoni kuhusu kazi ni hivyohivyo. Usimnunie mtu wiki nzima ukitarajia ajue kosa lake. Ninao wasimamizi wanaoamini kwamba kununa ni mawasiliano. Mwite, faragha, umwambie: ukurasa wa tatu una makosa, ni haya hapa, rekebisha kabla ya saa nane. Atakushukuru. Mwenye ADHD hasa, aliyekaripiwa tangu darasa la kwanza, akikuona umenuna hafikirii ukurasa wa tatu. Anafikiri anafukuzwa kazi.

Mtaniuliza: kwa hiyo wazembe hawapo? Wapo. Wapo wa kutosha. Ila huwezi kumjua mzembe kabla hujamwambia wazi unachotaka na kumpa mahali pa kukifanyia. Ukishafanya hayo akashindwa, taratibu za nidhamu zipo na sitakuzuia. Mimi nauliza swali moja tu kila mara: aliambiwa? Aliambiwa lini? Kwa maneno gani?

Mahali pa kufanyia kazi. Hapa nitapita haraka kidogo. Ofisi za siku hizi tumebomoa kuta, tukasema ni ushirikiano. Watu arobaini ukumbi mmoja, tyubulaiti inakonyeza, kiyoyozi kinaunguruma, mtu anasikiliza mahubiri kwenye simu bila hedifoni, jenereta nje, na mwenye korosho anapita kila baada ya saa. Wewe baada ya dakika kumi masikio yako yamezoea. Yapo masikio yasiyozoea, yanapokea kila kimoja upya, kwa nguvu ileile, hadi jioni. Mruhusu akae kona, avae hedifoni, abadilishiwe taa. Marekani upo mtandao wa ushauri uitwao Job Accommodation Network ambao tangu mwaka 2004 umekuwa ukiwauliza waajiri gharama za marekebisho kama haya. Karibu nusu yao, na miaka mingine zaidi ya nusu, walijibu kwamba hayakuwagharimu hata senti. Kuhamisha meza kunagharimu nini?

Kuna dada namfahamu, anaratibu mizigo katika kampuni moja inayofanya kazi bandarini. Meli ikichelewa, kontena likipotea, nyaraka za forodha zikigongana, simu ya kwanza inapigwa kwake, na analimaliza huku anacheka. Ripoti ya mwezi? Haiandikiki. Anaikalia siku tatu, anafungua kompyuta, anafunga kompyuta, anapanga droo. Msimamizi wake wa zamani alimwita mvivu. Wa sasa alifanya jambo la kawaida kabisa: ripoti ameikata vipande vinne, kila Ijumaa kimoja, na Ijumaa hiyo mwenzake mmoja anaketi meza ya pili akifanya kazi zake mwenyewe. Hamsaidii, anakaa tu. Kwa nini kukaa tu kunatosha? Muulizeni mwenye ADHD yeyote. Atawaambia kazi ngumu kuliko zote ni kuanza, na kuanza peke yako ni ngumu zaidi.

Disleksia nayo. Mnamjua Ingvar Kamprad? Mswidi aliyeanzisha kampuni ya samani ya IKEA mwaka 1943. Namba za bidhaa zilimchanganya kwa sababu ya disleksia. Angeweza kuajiri mwalimu ajifunze namba. Akabadilisha mfumo: bidhaa zikapewa majina, sofa zikaitwa kwa majina ya mahali huko Uswidi, na hadi leo ndivyo zinavyoitwa. Yeye alikuwa mwenye kampuni, kwa hiyo mfumo ulimfuata. Mfanyakazi wako si mwenye kampuni. Nani ataubadilisha kwa ajili yake?

Nitawapa mfano wa kwetu. Kila Mei Mosi kuna mtu katika idara anayeumwa ghafla, na kila mwaka ni mtu huyohuyo. Mmeshajiuliza kwa nini? Labda anaogopa kupewa risala aisome mbele ya mgeni rasmi. Mtu anayejua kazi yake kuliko kamati nzima, ila ukimpa ukurasa auseme kwa sauti mbele za watu mia tatu, umemvua nguo. Mwache aseme kwa kichwa, au msomaji awe mwingine. Na simu zetu siku hizi zinasoma maandishi kwa sauti na zinaandika mtu anapotamka; mruhusu azitumie bila kuchekwa.

Hapo kuna mtego, nisiwafiche. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni neema kwa mwenye disleksia. Kwa mwenye usonji au ADHD, ujumbe wa sauti wa dakika nne ulioanza na salamu, ukapitia hali ya mvua, ukafika kwenye kazi katika dakika ya tatu, ni adhabu. Tena umetumwa saa nne usiku. Kinachomfaa mmoja kinamuumiza mwingine, kwa hiyo orodha ya kunakili sina. Muulize mwenyewe.

Ila atakujibu? Hapa pana ugumu. Sheria ipo: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia tatu yao watu wenye ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tuliuridhia mwaka 2009, na ibara yake ya 27 inahusu kazi. Majirani zetu Kenya waliweka asilimia tano ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika ibara ya 54 ya Katiba yao ya 2010. Lakini ulemavu tunaouhesabu ni ule tunaouona. Na asiyeonekana ana sababu za kujificha. Akisema leo kwa afisa utumishi, kesho mhudumu wa chai anajua, keshokutwa ameletewa maji ya upako. Hata Uingereza, kwenye sheria na hospitali zote zile, ripoti iliyoongozwa na Robert Buckland mwaka 2024 ilisema ni watu watatu tu kati ya kumi wenye usonji, walio na umri wa kufanya kazi, ndio wenye ajira.

Kwa hiyo usimlazimishe aseme ana nini. Muulize tu, na uwaulize wafanyakazi wote: nini kinakusaidia kufanya kazi vizuri, nini kinakuzuia? Atakachosema kibaki kwako. Narudia, maafisa utumishi wenzangu, kwa upendo kabisa: kibaki kwako.

Na kazini kwetu hakuishii kazini. Kuna send-off, kuna harusi, kuna ile safari ya mwisho wa mwaka ambapo watu wazima hukimbizwa kwenye magunia ili wapendane. Na kuna msiba. Usipofika msibani hapa kwetu, uzuri wa kazi yako hautakuokoa. Ofisi moja ilikuwa na mtu wa stoo, mpole, ambaye hakwenda msiba wa mtu yeyote. Vilio, umati, kubanana kwenye mkeka, hakuweza. Wakamsusa, hata chai hawakumpa. Mama mmoja wa masijala, asiyejua lolote kuhusu usonji wala mijadala yetu hii, akamwendea akamuuliza, "Mwanangu, kwani msibani unaogopa nini?" Akamwambia. Msiba uliofuata yule mama alimtafutia meza pembeni, chini ya mwembe, akampa daftari la rambirambi na kalamu mbili. Akaandika kila jina na kila shilingi. Familia ilipokabidhiwa fedha, hesabu ililingana bila pungufu wala ziada, jambo ambalo sote tunajua si la kawaida. Sasa misiba ya mtaa mzima wanamwita yeye. Nimeambiwa ameanza kulalamika kwamba wanamwita mno.

Yule mama hakuhudhuria semina. Alimuuliza.

Basi. Niliwaomba kila mmoja aje na tangazo moja la kazi kutoka ofisini kwake. Yatoeni. Natafuta mistari miwili: "awe na uwezo mkubwa wa mawasiliano" na "awe tayari kufanya kazi chini ya shinikizo." Tutakaa watano watano, na kila kundi litaniambia kazi hiyo hasa inataka mtu afanye nini, saa ngapi, na nani. Kama ni mlinzi wa getini, aandike ripoti au aongee? Kama ni mpiga chapa, shinikizo linatoka wapi, na kwa nini tumelizoea? Lisilojibika tunalifuta kwenye tangazo hapahapa. Asiyependa kuzungumza kwenye kundi aandike kwenye karatasi anipe, sitauliza sababu.

Chai iko nje, mlango wa kushoto. Tunarudi saa tano na robo. Nimesema saa tano na robo, na namaanisha saa tano na robo.